Triga ya Bunduki Namba Nne

Sogeeni, wanangu, mkae upande wa kushoto, maana sikio la kulia mnajua lilikufa zamani kwa milio ya bunduki na sasa limebaki pambo tu. Mama yenu akae hapo miguuni pangu, kwenye kile kiti cha kamba, asije akasema nimegawa nyumba yake yeye akiwa jikoni. Wewe kaka mtu, vua hiyo futi uliyoivaa shingoni, koti la mteja halitakimbia. Na wewe mwalimu, binti yangu, acha kulia, sijafa bado, na ukiyamaliza machozi leo utaazima kwa nani siku yenyewe? Daktari ameniambia jana, kwa ile sauti ya upole wanayofundishwa, kwamba moyo wangu umechoka, nami nikamwambia asante, daktari, hata mimi nilishausikia. Basi nisikilizeni mchana huu ningali na pumzi, msinikatize, maana nina mambo madogo ya kuwausia na jambo moja kubwa, na hilo kubwa linamhusu kaka mtu.

Nalitaja mapema ili nisije nikalikimbia. Kuna kosa nililomtendea mwanangu wa kwanza, yapata miaka ishirini na mbili sasa, naye hajui. Mficha uchi hazai, nami nimeuficha huu mpaka umezeeka pamoja nami. Sitaki kwenda nao kaburini, na papo hapo naogopa, naogopa kweli, kwamba nikishalisema atainuka atoke kwa mlango ule, na mimi nisiwe na muda wa kumngoja arudi.

Lakini nianze na madogo, nipashe ulimi moto. Nyumba hii ya vyumba vitatu ni ya mama yenu, aishi humu mpaka achoke mwenyewe, na asihamishwe hata kiti bila idhini yake. Baada yake ni yenu wawili, nusu kwa nusu, na atakayemwambia mwenzake kwamba nusu yake ndiyo yenye dirisha zuri, ajue nitamsikia huko niliko kwa sikio la kushoto. Ule ukuta wa nyuma una ufa, nimeuahidi saruji kwa miaka sita, mtautimizia ahadi nyinyi. Makoti yangu manne aliyonishonea kaka mtu msiyagawe ovyo, na moja, lile la kijivu, litundikeni hapo ukutani nilione kabla sijaenda, maana mshono wa bega lile nimeutazama miaka mingi nikitafuta mahali ulipopinda na sijapaona.

Sanduku la vifaa, lenye bisibisi ndogo, brashi, mafuta na vile vibati viwili vya mchanga, ni lako, binti yangu, kwa kuwa wewe ndiye uliyeichukua kazi yangu pale uwanja wa shabaha. Watu husema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi kidole kimoja kimenilisha miaka thelathini na nne, kikamsomesha na huyu anayelia hapa. Nimekuwa fundi wa silaha wa klabu na mwalimu wa shabaha kwa wakati mmoja, asubuhi naikaza skuruu, alasiri namfundisha mtu kuivuta triga, na kama kuna elimu ninayoijua duniani ni hiyo tu, elimu ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Mengine yote nimekisia.

Sasa sikia, mwalimu, nikugombeze kidogo. Mwezi uliopita nilikuja na fimbo yangu nikakaa nyuma ya mstari, nikakusikia unawaambia wanafunzi, lenga, lenga, haya sasa. Mwanangu, hilo neno sasa litupe. Mtu akijiambia sasa, kidole kinaruka, bega linajikaza, jicho linafumba, na mtutu unainama kama mbuzi anayekunywa maji. Bunduki haitulii katika mikono ya mtu aliye hai, itayumba kidogo, iache iyumbe. Wengi hungoja itulie ndipo waikwapue, na hapo ndipo wanapopotea. Waambie wapumue, watoe nusu ya pumzi, waweke kidole kwa ile nyama ya ncha, wala si kwa kiungo, maana kiungo huivuta bunduki ubavuni, kisha waongeze uzito kidogo kidogo, nyuma moja kwa moja, wakiwa hawajui ni lini itafyatuka. Mlio ukimshtua mpigaji mwenyewe, amepiga vizuri. Na akishapiga asikiachie kidole kwa haraka, akibakize nyuma, jicho lisibanduke, ahesabu moja, mbili, ndipo alegeze. Anayeinua kichwa upesi aone kama amepata, huyo hajapata.

Na usione uvivu kuwachanganyia risasi za bandia na za kweli. Ujaze wewe, mwanafunzi asione, avute asijue ipi ni ipi. Akivuta kwenye ya bandia, bunduki isilie, na mtutu ukatikisika hata hivyo, ataona kwa macho yake kwamba hofu ndiyo iliyokuwa ikipiga, na hutahitaji kumwambia neno. Kwa maneno tu watakubishia, hasa wale wenye vifua vipana.

Nipeni maji. Kidogo tu, mama yao, unanimwagia. Ahsante.

Kaka mtu, sasa ni zamu yako. Ulikuwa na miaka kumi na minne nilipokulaza kwanza sakafuni, kwenye ile nyumba ya kazi nyuma ya uwanja, na bunduki yangu tupu niliyoikagua mara tatu, nikaweka sarafu juu ya mtutu karibu na ncha, nikakwambia vuta na isianguke. Ilianguka siku tisa. Mama yenu alikuwa akiikuta ndani ya viatu, ndani ya mchele, akanambia tutakuja kumeza sarafu kwa ajili ya mchezo wenu. Siku ya kumi haikuanguka. Tangu hapo ukawa unavuta mara hamsini kila jioni, mwaka baada ya mwaka, mimi nikiwa juu ya kigoda nakunywa chai, na sarafu imekaa pale kana kwamba imegundishwa kwa gundi, na chai yangu inapoa kwa kukutazama. Sikuwahi kukwambia. Wazee wetu walitufundisha kwamba mtoto akisifiwa huharibika, nami nikalibeba hilo kama zuzu. Nakwambia leo, mbele ya mama yako na dada yako: sijaona kidole kama chako, si kwa wanafunzi, si kwa walimu, na kwangu mimi ndiyo kabisa.

Mnaukumbuka mchujo. Klabu ilitaka vijana wanne wa kwenda kushindana nje na kusomeshwa hukohuko, nawe ulikuwa umetimiza kumi na tisa, na kila mtu pale uwanjani alishakuhesabu. Bunduki zilikuwa saba, zimeandikwa namba kwa rangi nyeupe kwenye kitako, na kila mmoja wenu angeokota karatasi kutoka kwenye kofia ya Mkuu wa uwanja ajue atapewa ipi. Risasi kumi kila mtu, hakuna ya kujaribia, ndiyo ilikuwa sheria ya Mkuu. Siku moja kabla ya hapo ilikuwa zamu yangu kuzipima triga zote. Nilikuwa na vibati vyangu viwili vya rangi nilivyovijaza mchanga, kimoja chepesi, kimoja kizito kuliko mwenzake kwa kiasi cha robo tatu ya kilo hivi, kila kimoja na ndoano yake ya waya. Unaitegesha bunduki tupu, unakitundika chepesi kwenye triga, lazima ikibebe. Unakitundika kizito, lazima ifyatuke. Zaidi ya hapo ni ngumu mno, pungufu ya hapo ni hatari. Kazi ya dakika tano kwa kila bunduki, mtoto angeweza.

Nilipima sita. Ya saba, namba nne, ilikuwa imechelewa kurudi kutoka darasa la walinzi, wale waliokuja kujifunza kutoka kampuni ya ulinzi, wenye vidole vya kubebea magunia, na mimi mwenyewe asubuhi ile nilikuwa nimeikaza triga yake mpaka mwisho ili wasije wakafyatua kwa kugusa tu. Iliporudi, jua lilikuwa linashuka, na kinyozi hufunga mapema. Ndiyo, wanangu, kinyozi. Kesho yake kungekuwa na picha, na mimi nilitaka kusimama kando ya mwanangu mshindi nikiwa nimenyolewa vizuri, ndevu zimechongwa. Nikajiambia, nitaipima alfajiri. Kadi za ukaguzi nikazitia sahihi zote saba, ili kesho nisishike kalamu. Alfajiri Mkuu akanituma kupanga viti vya wageni, na namba nne ikaniponyoka kichwani moja kwa moja. Ukaokota karatasi. Ukaokota namba nne.

Tulia, mama yao. Niache nimalize, nikikoma hapa sitaanza tena.

Nilikuwa nyuma yako hatua kumi. Risasi ya kwanza ilichelewa, nikaona bega lako linakaza, nikashangaa, maana bega lako halikuwa na tabia hiyo. Chini, kulia. Ya pili chini, kulia. Ya tatu hivyohivyo, na saa inakimbia. Kufikia ya nane Mkuu alikuwa anacheka na wageni, akasema kijana wa fundi anaua mchwa, huyu tumwite Chini-Kulia. Uwanja mzima ukacheka, na jina likakunasa, ukatembea nalo mtaani, hata dada yako huyu, wakati ule ana miaka kumi na moja, akawa anakuitia chakula kwa jina hilo. Mbili za mwisho zilikaa katikati ya duara jeusi, zinagusana. Watu wakasema bahati. Na mimi, nilimchukia Mkuu kuanzia saa ile, nikamnunia miaka ishirini na mbili, tukipishana dukani sisalimii, kwa sababu ilinifaa awe ndiye mwenye kosa.

Alasiri ile, wageni wameondoka, nikakaa stoo kusafisha bunduki. Nikaishika namba nne, na kidole changu kikanieleza kabla akili haijataka kusikia. Nikakitundika kibati chepesi, ikabeba. Nikakitundika kizito, ikabeba. Nikavitundika vyote viwili pamoja, karibu kilo tatu, ndipo ikafyatuka. Wanangu, nilikaa chini sakafuni. Kijana aliyejifunza kwa triga nyepesi ya bunduki yangu, amepewa uzito maradufu, bila kuambiwa, bila risasi ya kujaribia, mbele ya watu wanaocheka, akapoteza nane, na kwa nane hizo akaijua, akaweka mbili katikati. Huyo ndiye aliyekuwa bora kuliko wote siku ile. Nilikuwa na nafasi ya kukimbia kwa Mkuu, kamati ilikuwa bado inakunywa chai ofisini, hatua hamsini tu, nikamwonyesha vibati na kusema kosa ni langu, kijana apige upya.

Nikaifungua ile skuruu, nikailegeza mpaka pake, nikaipaka mafuta, nikaifungia kabatini.

Ningeweza kusema niliogopa kufukuzwa, na tulikuwa tunaishi nyumba ya kazi, na hayo ni kweli. Lakini anayekwenda zake hana haja ya kudanganya. Niliogopa aibu. Niliogopa yule fundi asiyekosea, ambaye watu humvulia kofia, aonekane ametia sahihi kwa sababu ya kinyozi. Na hilo silo baya kuliko yote. Baya ni la mezani jioni ile. Ulikuwa umeinamia sahani, huli, nami badala ya kunyamaza angalau, nikakusomea somo. Nikakwambia, ulivuta kwa pupa, na mwenye pupa hadiriki kula tamu. Wazee husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa vyote viwili kwa siku moja. Ukaniangalia, ukasema, sawa, baba. Wiki ya pili ukaenda kwa fundi cherehani kuomba kazi, na hukulala tena kwenye mstari wa shabaha mpaka leo. Ukaamini una mkono mbaya. Mkono huo.

Basi nimelisema. Nakuomba radhi, mwanangu. Si kwa ukubwa wa baba, kwa udogo wangu. Ile bunduki yangu ya nyumbani hairithiwi kama sufuria, sheria inataka nikishafariki irudishwe kituoni mpaka mwenye leseni mpya apatikane, na nilitaka dada yako aipeleke, na wewe uiombe. Lakini najua kumpa mtu bunduki hakumrudishii miaka yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimekwambia tu kwa sababu kitu kilichokuwa chako nilikificha nacho ni ukweli kuhusu mkono wako.

Mbona umeinuka?

Mwacheni. Mwalimu, mwache kaka yako, usimshike mkono. Ana haki. Mwacheni atoke.

Nani huyo? Ni wewe? Usikae upande huo, huo ni ukuta, njoo huku kushoto. Haya. Sema tena, baba, taratibu.

Ngojeni. Nyamazeni nyote. Mama yao, umesikia anachosema? Anasema, "Nilijua, baba. Risasi ya kwanza tu, nilijua."

Ulijua?

Anasema ilikuwa nzito, angewezaje kutoijua, alivuta ya kwangu mara hamsini kila jioni kwa miaka mitano. Eh, Mungu wangu. Bila shaka. Bila shaka ulijua. Mimi ndiye niliyekifundisha kidole hicho, na kwa miaka ishirini na mbili sikuwahi kujiuliza kama kilisikia. Na kwa nini hukuinua mkono? Ungeinua mkono, mwanangu, sheria ilikuruhusu, wangeisimamisha saa.

Anasema wangeipima palepale mbele ya wageni, na kadi ilikuwa na sahihi yangu. Anasema alinitazama nyuma mara moja, kabla ya risasi ya pili, akaniona nimesimama na nywele zangu mpya, nafurahi, akageuka akaendelea kupiga. Miaka kumi na tisa alikuwa. Kumi na tisa. Na jioni nikiwa mezani nakusomea habari za pupa, ulikuwa unajua yote. Ukasema sawa, baba. Na kwa fundi cherehani hukwenda kwa sababu ya mkono mbaya. Ulikaa mbali na uwanja ili asije mtu siku moja akauliza.

Nami nilidhani mimi ndiye niliyekuficha kitu. Kumbe wewe ndiye uliyenisitiri, mwaka baada ya mwaka, na makoti ukanishonea.

Acha nilie. Nimewakataza nyinyi, mimi sijajikataza.

Pumzi inakuwa fupi, kwa hiyo sikilizeni upesi. Mwalimu, kesho nenda kwa Mkuu wa uwanja, mzee mwenzangu, mwambie yote kama ulivyoyasikia, usipunguze kinyozi, umwambie namwomba msamaha na aje anizike. Lile jina, lisitamkwe tena humu ndani na atakayelitamka mtaani mumwambie maana yake. Kadi ile ya namba nne iko chini ya godoro, sikuweza kuichoma, ipelekeni klabu waibandike mahali watu wanapoona, mafundi wajifunze. Mama yenu... mama yenu asibebe ndoo. Mpelekeeni maji. Msigombane kwa ajili ya ukuta.

Na bunduki, kaka mtu? Uiombe, usiiombe, hilo ni lako sasa. Sikulazimishi.

Anasema nini? Rudia, nimekosa. Anasema ataichukua, lakini triga ataipima mwenyewe kwanza. Cheka, mama yao. Cheka na wewe, mwalimu, kaka yako ananitania na mimi nakufa, amesubiri miaka yote hii, ana haki zote. Ipime, baba. Ipime, usimwamini fundi.

Leteni vichwa vyenu hapa, wote wawili, nimechoka kuinua mkono. Nimewaridhia. Mbele ya Mungu, sina kinyongo nanyi hata punje, popote mtakapoweka mikono pawe na kheri. Mpendane... msingoje kuambiana, mtu akifanya vizuri mwambieni siku hiyohiyo. Mungu awape riziki ya halali, na usingizi mwema, na... mlaze huyu mama mapema leo. Mungu awape watoto, wanangu. Awape watoto kama alionipa mimi.